Kimo

Projekta tumeazimwa na mratibu wa kata, siku mbili tu.
Skrini ni shuka la kitanda changu;
nimelikunja upande wa maua
yasije yakaingia kwenye hesabu.

Miaka kumi na mmoja hapa Kitangari
nimechora pembetatu kwa chaki inayokatika,
na kila niliyoichora ilikaa palepale ilipozaliwa
hadi zamu ya kufuta ubao ilipoiua.
Sikujua kwamba pembetatu inatembea.

Leo inatembea.
Darasa la Saba, sitini na wanne, wanne kwa dawati,
mashati yananuka salfa, ni mwezi wa kupuliza,
na kipanya ni kimoja, mkia wake umefungwa plasta.
Nikasema: kitako hakisogei, kimo hakibadiliki.
Ncha ya juu tu, iteleze kwenye ule mstari sambamba.
Ninyi tazameni namba.

Shaweji akaivuta taratibu, kama anayetoa mwiba.
Pembetatu ikainama,
ikaegemea upande kama mlevi anayesaka kiatu.
Mtopwa akaikokota hadi ukingo wa shuka,
ikawa nyembamba, ikawa ulimi wa kinyonga,
darasa likaangua kicheko,
na pale pembeni, kwa rangi ya buluu:
eneo, kumi na mbili.
Eneo, kumi na mbili.
Ukiivuta mpaka Newala mjini, kumi na mbili.

"Imeharibika," akasema Mtopwa.
"Haijaharibika. Imetii."

Somoe Nangonga hakucheka.
Somoe, ambaye tangu Januari
sauti yake naijua kwa neno "nipo" tu,
akanyoosha kidole.
"Mwalimu, tuwekee na mzingo."

Nikauweka.
Akaja mbele, akakishika kipanya
kama mtu ashikavyo kifaranga,
akavuta.
Mzingo ukapanda: kumi na sita,
ishirini na moja,
thelathini na mbili,
na eneo limekaa tu, halina habari,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Akairudisha ncha. Akaivuta tena.
Mara ya tatu akageuka, si kwangu, kwa shuka:
"Kumbe kulizunguka si kulipima."

Kisha, kwa sauti ya kuhesabu chenji:
"Mjomba alilizunguka kwa miguu."

Bibi yake alipofariki shamba likagawanywa.
Mjomba akachukua kipande kilichosimama wima,
mama yake akapewa kile kilicholala kuelekea korongoni.
Vitako sawa, juu mpaka ni mmoja, umenyooka.
Mjomba akatembea mipaka yote miwili,
akahesabu hatua mbele ya mashahidi,
akasema: dada, lako kubwa, limenichosha miguu.
Akamega mistari miwili ya mikorosho, ile minono,
ili tulingane.
Nani angebisha? Hatua ni hatua,
na mashahidi walikwisha kula pilau.

Hapo ndipo Luku ilipoisha.
Shuka likarudi kuwa shuka,
ua moja likachungulia kutoka kwenye pindo,
sitini na watatu wakaguna kwa pamoja.
Somoe bado kashika kipanya kilichokufa.
"Mwalimu, kimo cha shamba kinapimwaje,
na katikati pamejaa mikorosho?"

Swali hilo halimo kwenye programu.
Nikatafuta kamba ya katani kwenye stoo ya jembe,
tukaifunga mafundo, nafasi kumi na mbili zilizo sawa:
tatu, nne, tano,
pembe mraba ya watu wasio na umeme.

Jumamosi tulikuwa shambani, mimi, yeye, na Shaweji
aliyekuja kwa ajili ya mabibo ingawa msimu bado.
Mama mtu alishika ncha ya kwanza, hakusema kitu.
Mjomba akatokea kati ya mikorosho,
bomba mgongoni, uso wa njano kwa salfa,
akaizima injini.
"Mnapima nini?"
"Kimo," akajibu Somoe, na hakuinamisha kichwa.

Mjomba akaitazama kamba kwa muda mrefu.
"Imelegea," akasema.
Na hakuondoka.